Shimo la Profesa Adalbert na Samaki wa Mama Léonie

Kuna watu wanaozaliwa na sauti, na kuna wanaozaliwa na miguu ya mpira. Christiane Katongo alizaliwa na pua. Si kwamba ilikuwa kubwa, ilikuwa kali. Aliweza kuingia katika nyumba ya watu pale Kamalondo, mjini Lubumbashi, akajua, hata kabla hajapewa kiti, kwamba maharagwe ya jana yamechacha na kwamba mwenye nyumba amejipulizia marashi badala ya kuoga. Pua ya namna hiyo, kwa mtoto wa muuza samaki, ni adhabu.

Mama yake, Mama Léonie, aliuza samaki wa kukausha katika soko la Kenya, ambayo kwetu ni mtaa na si nchi. Alikuwa mmoja wa wale wanawake wanaotambua lori la samaki wa Kasenga na lori la samaki wa Pweto kwa mlio wa injini tu, kabla halijakata kona. Babu yake Christiane aliteremka kutoka kaskazini kuja kupiga nyundo kwenye reli. Baba alifariki mapema, na aliyebaki kuilisha nyumba ni samaki. Na samaki huyo hakukaa sokoni. Jioni magunia yalirudi nyumbani na kuegemezwa ukutani katika chumba cha watoto, kwa kuwa sokoni wezi hawalali. Kwa hiyo Christiane alilala na samaki na kuamka na samaki, na sare yake ya shule ya masista, hata ipigwe sabuni namna gani, iliwabeba samaki mpaka darasani.

Mwenzake wa dawati aliomba kuhamishwa. Hakunong'ona; alinyoosha kidole mbele ya darasa zima, akamwomba mwalimu huku ameziba pua kwa vidole viwili. Watoto walicheka mpaka kengele ya mapumziko. Christiane alirudi nyumbani, akaikataa sahani, na tangu siku hiyo hakutia samaki kinywani.

“Weye mutoto, hii samaki njo inakusomesha,” Mama Léonie alimwambia. “Unaikatala ju ya nini?”

“Inanunuka, Mama.”

“Inanunuka! Na bile biatu unavaa, binanunuka nayo? Ju bilitoka mu samaki.”

Mtoto alivitazama viatu vyake. Kwa kweli, navyo vilinuka.

Msichana aliyelelewa na kinyaa namna hiyo angeweza kuwa mtawa, au mfua nguo wa kutisha. Kilichomwokoa, au kilichompoteza, kilikuwa somo la fizikia mwishoni mwa sekondari. Mwalimu alieleza kwamba nyota kubwa sana ikimaliza kuwaka huanguka ndani yake yenyewe, ikajikunja mpaka ikawa shimo jeusi, na kinachotumbukia humo hakitoki tena, hata nuru. Darasa lilisinzia. Kisha akaongeza jambo moja kana kwamba si kitu. Kwa mujibu wa nadharia ya Einstein, alisema, shimo hilo likishatulia hubaki na mambo matatu tu: uzito wake, mzunguko wake, na umeme wake kama upo. Nyota iwe ilikuwa ya dhahabu au ya samadi, shimo halisemi. Wanafizikia huliita shimo lisilo na nywele, maana halina alama yoyote ya kulitofautisha na jingine lenye uzito na mzunguko kama wake.

Wasichana walicheka neno nywele. Christiane hakucheka. Alikuwa amesikia kwa mara ya kwanza kwamba ulimwenguni kuna kitu ambacho hakijulikani kilikotoka. Kitu kisichonuka. Alitaka kuishi nacho.

Akaenda chuo kikuu, hapa hapa mjini. Akasoma kwa mishumaa umeme ulipokatika, na ulikatika sana. Akafaulu, akachukuliwa kuwa msaidizi, yaani asistenti, na akapewa profesa wa kumsimamia. Hapo ndipo uchafu ulipoanza.

Profesa Adalbert alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kanisani na kalamu yenye kifuniko kirefu. Kifuniko hicho kilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufunika kalamu. Ya pili ilikuwa kuchokonoa sikio, polepole, mbele za watu, kisha kutazamwa kwa makini kuona kimeleta nini, kisha kurudi mahali pake. Alipokuwa akisoma kazi ya mtu alilamba kidole kila anapofungua ukurasa, na kwa kuwa alisoma huku akitafuna karanga, kurasa za Christiane zilirudi zina mafuta, mate na maganda, na mara nyingi hazina alama yoyote nyingine. Msichana alizishika kwa ncha za kucha. Alizianika dirishani. Aliwahi kuunguza sura nzima kwa pasi akijaribu kuua alichokiona juu yake.

Ungesema: si angetafuta profesa mwingine? Wewe unayesema hivyo hujawahi kuwa asistenti. Asistenti hachagui profesa, kama vile mkia hauchagui ng'ombe. Christiane alibeba mkoba wa Profesa. Alifundisha masomo ya Profesa wakati Profesa amesafiri, na Profesa alisafiri hata alipokuwa nyumbani kwake Karavia. Alisahihisha mitihani yake. Binti wa Profesa alipoolewa, Christiane Katongo, mwenye shahada mbili za fizikia, alimenya vitunguu tangu asubuhi hadi macho yakavimba. Na hakuwa peke yake. Wasaidizi wote walikuwepo wakimenya, na wa kemia ndiye aliyechinja mbuzi. Haya yanaitwa heshima. Mimi nayaita jina jingine, lakini tuendelee.

Sasa, Profesa Adalbert naye alikuwa na shimo lake. Katika ujana wake alisomea ng'ambo, na huko aliingia katika kundi la wale wanaosema kwamba Einstein hakumaliza maneno. Kwamba huenda uvutano una jambo zaidi ya hayo aliyoyaandika yeye. Si wazo la kijinga. Watu wazito wa dunia nzima wanalifanyia kazi. Wapo wanaoubadilisha mlinganyo wenyewe, na wapo wanaouongezea kitu, nguvu nyingine isiyoonekana iliyotandazwa kila mahali, halafu wanauliza: katika ulimwengu wa namna hii, shimo jeusi lingekuwaje? Profesa Adalbert aliuliza swali hilo na akapata jibu katika karatasi zake: shimo lenye nywele. Ile nguvu ya ziada ililizunguka shimo na kukaa, kama ukoko unavyokaa kwenye sufuria. Aliandika makala moja juu yake. Moja tu, zamani. Tangu hapo alilichapisha jina lake kwenye jalada la kitabu cha somo ambacho kila mwanafunzi alilazimika kuwa nacho: Shimo la Adalbert.

Na ndilo alilompa Christiane kwa udaktari wake. Alifanye lizunguke, alisema, kwa sababu mashimo ya angani huzunguka.

Msichana aliyekwenda chuoni akitafuta kitu kisichonuka akapewa shimo lenye ukoko. Alilichukia. Lakini alikuwa na tabia ya mama yake, kwamba gunia likishashushwa mlangoni kwako lazima ulifungue hadi chini, na akaingia kazini. Miaka ilipita. Wenzake waliolewa, wakazaa, wakaenda Afrika Kusini. Yeye alilikokotoa shimo.

Shimo lilizunguka, naam. Lilizunguka vizuri. Kisha, kwa utaratibu wa kazi hiyo, akafanya jambo ambalo Profesa hakuwahi kulifanya: alilisukuma.

Hili si gumu kulielewa. Ukitaka kujua kama kigoda kitasimama, hukitazami tu, unakigusa. Shimo jeusi la Einstein ukiligusa, yaani ukilitupia kitu kidogo, hutetemeka, hulia kama mfuniko wa sufuria ulioanguka sakafuni, mtetemo unapungua na kupungua, kisha kimya. Linasimama. Christiane aliligusa Shimo la Adalbert kwa mguso mdogo kuliko yote ambayo hesabu zake zingeruhusu. Mtetemo haukupungua. Ulikua. Ule ukoko ulivimba, ukajipinda, ukalitapika shimo lenyewe. Alidhani amekosea. Alirudia kwa njia nyingine, akarudia kwa kompyuta ya rafiki, akarudia kwa mkono, karatasi kwa karatasi. Kila njia ilisema neno lile lile. Shimo la Adalbert haliwezi kuwepo. Lingetokea tu pale ambapo hakuna chochote cha kuligusa, na mahali pa namna hiyo hapapo mbinguni wala duniani.

Kwa mara ya kwanza tangu aingie chuoni, Christiane alijisikia msafi. Akaandika sura ya tano, sura fupi kuliko zote, akampelekea Profesa.

Ilirudi bila mate. Kwa hilo tu alijua kwamba safari hii amesoma.

“Christiane, ma fille,” Profesa alisema, na kifuniko kilikuwa kimeshafika sikioni, “hii chapitre ya tano utaitosha, itoke mu kitabu.”

“Prof, calcul iko ya kweli. Nilirudilia mara mingi.”

“Sikusema iko ya uongo. Nasema utaitosha.” Akakitazama kifuniko. “Mutoto habomolake nyumba ya papa yake, na papa eko angali ndani. Unasikia? Mama yako ananunua samaki tayari, niliambiwa. Jury iko tayari. Utaitosha, unakuwa docteur. Hautaitosha, hakuna soutenance. Njo vile.”

Akaitosha.

Simtetei. Aliiondoa ile sura kwenye mashine kwa vidole vyake mwenyewe, akazibandua namba za kurasa na kuzipanga upya, na kitabu kikachapishwa kikiwa na sura nne na shimo zuri linalozunguka. Jioni hiyo alinawa mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikauma. Alijinusa. Alihisi ananuka kama zile karatasi. Kichefuchefu alichokuwa nacho kwa Profesa tangu zamani kilikuwa na starehe yake, kwa sababu kilikuwa juu ya mtu mwingine. Hiki kipya kilikuwa chake, na hakikuwa na mahali pa kwenda.

Hapa inanibidi nieleze desturi, kwa wale ambao hawajahudhuria soutenance kwetu. Mtu anapotetea kazi yake ya udaktari hupika kabla ya hukumu. Si baada, kabla. Majaji wanapokuwa ndani wakimuuliza maswali, nje sufuria zinachemka, bukari, yaani ugali, inasongwa, vinywaji viko kwenye maji ya baridi, na ukoo mzima umevaa kitambaa kimoja. Kwa hiyo kila jaji anapoketi anajua kwamba jambo limekwisha kupikwa. Mkono mtupu haulambwi, wanasema wahenga. Na mkono uliojaa, je? Hakuna mtu katika chuo kile aliyewahi kuona chakula cha soutenance kikirudishwa nyumbani. Watu husema hivyo kwa fahari. Christiane aliposikia alitaka kutapika.

Alimwomba mama yake jambo moja tu.

“Mama, mutapika kuku.”

“Kuku! Mutoto wa Léonie atakuwa docteur na kuku?” Mama Léonie alishika kiuno. “Nilituma muntu mpaka Kasenga. Samaki mukubwa sawa mutoto ya miaka mbili. Kuku banakulaka kila siku.”

“Basi mutapika mbali. Kule nyuma, karibu na ukuta, na mufunike nyungu. Ile harufu isifike mu salle ya soutenance. Mama, tafazali. Isifike.”

Mama Léonie aliachia kiuno chake. Alikuwa ameyasikia maneno hayo, kwa namna moja au nyingine, tangu mtoto akiwa na viatu vya shule. “Sawa,” alisema. “Itakuwa kule nyuma.”

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi chenye baridi, na vumbi jekundu limetanda hadi kwenye majoho ya majaji. Christiane alisimama mbele kwa suti nyeusi aliyoifua mara mbili. Alieleza shimo. Lilizunguka ukutani kwenye picha za mashine, zuri, la uongo, na watu wa ukoo waliojaza viti vya nyuma walisema “Eeeh!” kila picha ilipobadilika.

Yakaja maswali, kwa Kifaransa cha suti na tai. Jaji wa kwanza aliuliza kwa nini ukingo wa kurasa ni mwembamba upande wa kushoto. Wa pili aliona neno nywele halifai katika kazi ya kisayansi na akapendekeza “manyoya”. Wa tatu, mkubwa wa kitivo, alitaka kujua kwa nini katika shukrani jina lake limekuja baada ya la Profesa Adalbert. Christiane alijibu yote kwa unyenyekevu, akiomba radhi kwa ukingo, akiomba radhi kwa shukrani. Ulimi wake ulikuwa na ladha ya shaba. Hivi ndivyo walivyoisoma miaka yake: kwa rula.

Wa mwisho alikuwa Profesa Liévin, mzaliwa wa Lubumbashi aliyehamia Kinshasa, aliyeletwa kwa ndege kama jaji mgeni. Muda wote alikuwa amefumba macho. Aliyafumbua, akapekua kurasa mbili tatu, akauliza kama mtu anayeuliza saa ngapi:

“Mademoiselle, hili shimo. Ukilisukuma kidogo, linabaki?”

Ukumbi ulikuwa na kelele za viti na watoto. Christiane hakuzisikia. Alimtazama Profesa Adalbert. Profesa alikuwa na kifuniko sikioni, na bila kukitoa alitikisa kichwa mara moja, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Lilikuwa jambo rahisi. Neno moja tu, linabaki, na jioni angeitwa daktari. Mama yake angelia kwa furaha soko zima lisikie.

Lakini aliiona ile ncha ya kifuniko ikitoka sikioni, ikitazamwa, ikirudi kwenye kalamu, ile kalamu ambayo ingetia sahihi jina lake. Akafungua kinywa. Na kama angekifungua kwa sababu ya ushujaa ningeandika ushujaa. Alikifungua kwa kinyaa.

“Hapana,” alisema. “Halibaki.”

“Samahani?”

“Halibaki, Profesa. Linavunjika. Nilikuwa na sura ya tano inayoonyesha hivyo. Niliambiwa niiondoe, na mimi nikaiondoa. Naomba chaki.”

Hakungoja apewe. Aliandika ubaoni mistari ile iliyo kichwani mwake kama sala, akaonyesha mahali ambapo ishara moja inageuka kutoka kutoa kuwa kujumlisha, na kwamba mahali hapo mtetemo haufi bali unakua, na shimo linakufa. Alipogeuka, mkono wake mweupe kwa chaki, watu wa ukoo walipiga makofi. Walidhani hiyo ndiyo sehemu tamu.

Profesa Adalbert alikuwa amekuwa na rangi ya majivu. Mkubwa wa kitivo alitangaza kwamba majaji wanakwenda kushauriana, wakaingia chumba cha pembeni, mlango ukafungwa.

Christiane alibaki ukumbini, karibu na mlango ule, apate kusikia. Alisikia meza ikipigwa. Alisikia sauti ya Profesa, si ya kanisani tena, ikisema kwamba msichana huyu hatakanyaga tena chuoni, kwamba ni nyoka, kwamba alimtoa kwenye magunia ya samaki. Alisikia mkubwa wa kitivo akisema kwa uchovu kwamba kanuni zina kifungu cha jambo kama hili. Mtu mwingine akasema waahirishe, mwaka ujao, au mwingine. Aliegemea ukuta. Aliogopa, ndiyo. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine alichokuwa amekisahau, kile kisafi. Alisema kweli na ikasikika. Wamfukuze. Angalau safari hii watakuwa wanagombana juu ya shimo lenyewe, juu ya ile ishara inayogeuka. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kugombana juu ya kazi yake.

Ndipo ilipomfikia.

Kwanza hakuamini. Kisha pua yake, ile iliyozaliwa naye, haikumwachia nafasi ya kutoamini. Samaki. Samaki wa Kasenga katika mafuta ya mawese, kitunguu, nyanya, pilipili, na chini kabisa ile harufu nzito ya moshi aliyolala nayo utotoni. Haikuja kwa kubahatisha. Ilikuja nene, ikapenya chini ya mlango wa majaji, ikajaza ukumbi.

Nyuma ya mlango sauti zilipungua. Mtu alikohoa. Meza ilipigwa tena, mara moja, bila moyo. Mtu akacheka, halafu mwingine akasema neno ambalo Christiane alilisikia waziwazi: “Haya basi, tusikawie.” Viti vikaburutwa.

Wakatoka. Mkubwa wa kitivo alisoma huku akitazama mlango wa nje. Udaktari wa sayansi, kwa heshima kubwa. Akinamama wakapiga vigelegele mpaka vioo vikalia. Mtu alimtupia Christiane poda ya mtoto kichwani, kama wafanyavyo wakishangilia, ikamwingia machoni, na katikati ya ukungu ule mweupe aliona majaji wakipita wameinua majoho yao, wakienda haraka.

Walikula. Sitaeleza sana, mtu mwenye tumbo jepesi asome upesi hapa. Profesa Liévin alikula jicho kwanza. Mkubwa wa kitivo alinyonya mfupa mmoja mpaka ukang'aa, akaurudisha kwenye sahani ya wote. Christiane alimwendea Liévin, kwa sababu alikuwa na haja ya kujua jambo moja.

“Profesa, ile réponse yangu. Kwenye tableau. Mulionaje?”

Liévin alimeza. “Mwanangu, kusema kweli? Nilikuwa nauliza tu, ju président wa jury alisema kila muntu aulize. Tableau iko mbali, na mi nilisahau miwani ku hotel.” Akachomoa mwiba kati ya meno, akautazama. “Lakini hii samaki! Iko ya fasi gani?”

“Kasenga.”

“Kasenga! Nilijua.”

Mkono mzito ulitua begani mwake. Ulikuwa na joto na mafuta, na ulipoondoka uliacha alama ya vidole vinne kwenye suti nyeusi. Profesa Adalbert alikuwa amerudiwa na rangi yake na sauti yake ya kanisani.

“Docteur Christiane! Ulinipa hasira, lakini papa hakasirikiake mutoto siku mingi. Sikiliza. Ile chapitre ya tano tutaipeleka mu revue ya sayansi kule ng'ambo. ‘Instabilité du trou noir d'Adalbert.’ Ni kusema: shimo ya Adalbert haisimame. Jina yangu itatangulia, ju shimo iko yangu. Yako itafwata.” Akalamba kidole gumba, kile kile cha kufungulia kurasa. “Ni kazi muzuri sana tulifanya.”

Tulifanya. Christiane alimwacha pale. Alitembea hadi nje, akazunguka jengo akitafuta hewa, na hewa haikuwepo. Pale chini ya dirisha la chumba cha majaji, si kule nyuma karibu na ukuta, mbabula, lile jiko la makaa, ilikuwa imesimama na makaa yake yangali mekundu, na juu yake nyungu kubwa bila mfuniko. Mama Léonie alikuwa ameketi kando yake kwenye kreti iliyopinduliwa, katika kitambaa kipya cha sherehe, akijipepea kwa mfuniko wenyewe. Uso wake uling'aa kwa jasho na furaha.

“Mama. Nilisema kule nyuma.”

“Nilikuwa kule nyuma.” Mama Léonie alicheka, akashusha sauti kama wanavyofanya wauzaji wawili mteja akishaondoka. “Nikakuya kuangaria ku dirisha. Nikaona ule Prof wako anapiga meza, na macho mubaya. Nikasema: eh, hapa mutoto wangu anakufwa. Bale bantu beko na njala, na muntu wa njala hasamehake. Nikabeba mbabula mpaka hapa, nikafungula nyungu, nikafanya hivi.” Akaupunga mfuniko kuelekea dirishani, mara moja, mara mbili, kwa mkono uliozoea. “Balinyamaza palepale. Sasa uko docteur!”

Christiane alitazama lile dirisha, akatazama mfuniko. Kwa hiyo hata ile kweli aliyoisema, kitu pekee kisafi alichowahi kukifanya katika jengo lile, hakuna aliyeipima. Hawakumkubali kwa sababu yake wala hawakumkataa. Walisikia harufu. Angebaki maisha yake yote akiitwa docteur bila kujua kama ni kwa shimo au kwa samaki. Na moyoni alijua.

“Umekasirika?” Mama Léonie aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo furaha ilimtetemeka usoni. Alichota kipande kinene cha tumboni, kile ambacho hakuwapa majaji, akakiweka kwenye mfuniko na kumnyooshea. “Nilikufichia.”

Mchuzi ulitiririka taratibu ukingoni mwa mfuniko. Christiane alisimama hapo na poda kichwani na vidole vya Profesa begani, na harufu ikampanda puani, ile ile ya magunia, ya sare, ya kidole kilichonyooshwa darasani. Alikuwa na sababu zote za kutapika, na alizihesabu zote, kuanzia kifuniko cha kalamu hadi mwiba wa Liévin. Lakini hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana, na kilichomchefua kuliko vyote ni kwamba mate yalimjaa kinywani.